Mjumbe wa Chumba cha Mashine

Wazee wetu walisema kwamba mjumbe hauawi. Walijua kuwa mfalme mwenye hasira huuona uchungu wa habari akausahau uchungu wa jambo lenyewe. Na kwa kuwa jambo liko mbali na mjumbe yuko karibu, upanga humwangukia mjumbe. Methali hii ni sheria ya vita na ya wapatanishi, lakini yaweza kusomwa pia kuwa sheria ya elimu. Kila ajuaye jambo hulijua kwa kuletewa habari: na jicho, na sikio, na kinywa cha mtu mwingine, au na chombo cha kupimia. Habari njema hupokewa bila ya masharti. Habari mbaya huulizwa imetoka wapi, nani kaituma, na kwa nini imekuja leo. Swali la insha hii ni hili: mtu ana wajibu gani mbele ya ushahidi asioupenda? Je, ni halali kwake kuubadili ushahidi bila ya kulibadili jambo linaloshuhudiwa?

Swali hili laweza kujadiliwa kwa mifano ya mahakama au ya hospitali, na wengi wamefanya hivyo. Mimi nimechagua chumba cha mashine cha chombo cha baharini, na katika chumba hicho jambo moja tu: kupungua kwa presha ya oili katika injini kuukuu ya dizeli. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba chuma hakisikii maneno matamu. Anayekidanganya hujidanganya mwenyewe. Ya pili ni kwamba baharini hukumu huja upesi, na haina rufani.

Ndani ya injini mna mhimili mkuu, ambao mafundi huuita krenkshafti, unaozunguka ndani ya vikombe vya madini laini viitwavyo beringi. Mtu asiyejua hudhani kwamba chuma cha mhimili hukaa juu ya beringi kama mtungi ukaavyo juu ya ngata. Sivyo. Injini nzima ikizunguka, mhimili huelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele, utando ambao hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Chombo huelea juu ya maji, na mhimili ndani ya chombo huelea juu ya oili. Utando huo ukikatika, chuma hugusana na madini, joto hupanda, beringi huyeyuka, na injini hukwama. Chombo kilichokuwa na amri juu ya njia yake huwa gogo la mti.

Wanadamu hawakuijua siri hii tangu zamani. Mwaka 1883 Mwingereza mmoja, Beauchamp Tower, alitoa taarifa ya majaribio aliyoyafanya kwa ajili ya chama cha wahandisi wa mitambo cha nchi yake, juu ya beringi za mihimili ya magari ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili. Mtambo ulipozunguka, oili haikushuka katika tundu. Ilipanda na kumwagika nje. Akaliziba tundu kwa kizibo, na kizibo kikasukumwa kikatoka. Akaliziba kwa kigingi cha mti, nacho kikatoka. Mtu mwingine angalitafuta nyundo na kigingi kikubwa zaidi. Tower alitia kipimo cha presha mahali pa kigingi, na akrabu ya kipimo ikapanda mpaka ikapita ratili 200 kwa inchi ya mraba, ambapo ndipo kipimo kilipokomea. Hali uzito uliokuwa juu ya beringi, ukigawanywa juu ya eneo lake lote, ulikuwa ratili 100 tu. Mwaka 1886 Osborne Reynolds aliyafasiri majaribio hayo kwa hesabu, na elimu ya utando wa oili ikasimama juu ya msingi. Tuuangalie mwanzo wa elimu hiyo. Ulikuwa adabu ndogo tu: mtu alijibiwa asivyotazamia, naye hakulipiga jibu nyundo.

Mjumbe wetu, basi, ni kipimo cha presha, ambacho watu wa mashine hukiita geji. Katika injini nyingi za zamani ni kazi ya fikira ya Mfaransa Eugène Bourdon, aliyeipatia hataza mwaka 1849: bomba jembamba lililopindwa na kuzibwa mwisho wake, ambalo likijaa presha hutaka kujinyosha, na katika kujinyosha huizungusha akrabu. Mjumbe huyu hajui chombo kiendako wala kimebeba watu wangapi. Hajui kama mwenye chombo ana deni. Husema neno moja tu, nalo ni kiasi cha presha katika bomba lile moja alilofungwa.

Uchache wa maneno yake ndio fumbo lenyewe. Wengi hufikiri kwamba pampu ya oili hufanya presha. Kwa hakika pampu husukuma oili tu. Presha huzaliwa pale oili inapozuiwa na wembamba wa njia. Mtu akinywesha bustani kwa bomba, na akaubana mdomo wa bomba kwa kidole, maji huruka mbali. Akiondoa kidole, maji ni yale yale lakini nguvu imekwisha. Kwa hiyo akrabu inaposhuka yaweza kuwa na maana mbili: ama oili inayofika ni kidogo, ama inayotoka hutoka kwa urahisi mno. Kidole cha injini ni ule wembamba wa nafasi baina ya mhimili na beringi. Nafasi hiyo ikiongezeka maradufu kwa kulika, oili ipitayo kwa presha ile ile haiongezeki mara mbili. Huongezeka mara nane. Mtu akilijua jambo hili hataudharau uchakavu mdogo.

Sasa na tuseme jahazi la mashine latoka Kilindoni, katika kisiwa cha Mafia, laelekea Nyamisati iliyo bara. Injini yake imefanya kazi miaka 40. Kwa desturi yake, ikiwa na joto la kazi, akrabu husimama penye ratili 40. Leo imesimama penye 18. Abiria wameketi juu ya mizigo yao; mmoja ananyonyesha, mwingine amelala. Hakuna hata mmoja wao aionaye akrabu. Aionaye ni makanika peke yake, na nahodha akiambiwa. Hapa ndipo maadili yanapoingia katika chumba cha mashine: mtu mmoja ana habari, na wengine wana maisha yanayoitegemea habari hiyo. Makanika huyo huzungukwa na vishawishi vinne.

Kishawishi cha kwanza ni kumkana mjumbe. Husema, "Geji hii mbovu." Yamkini asema kweli. Geji huchakaa kama kila kitu. Bomba lake dogo huziba kwa uchafu. Na pale ambapo geji huendeshwa kwa umeme, waya hulika kwa chumvi. Kumshuku shahidi si dhambi. Mahakama zote huwashuku mashahidi. Dhambi ni kumshuku kwa sababu tu amesema tusilotaka, kisha kuikomesha shuku pale inapotufariji. Dawa ya shuku yajulikana: kuleta geji ya pili iliyo nzima na kuifunga moja kwa moja katika mwili wa injini, kisha kuzisikiliza zote mbili. Asemaye kwamba geji ni mbovu bila ya kuleta ya pili hakutoa hoja, ameomba dua. Tena kuna udhalimu mwingine uliojificha hapa. Akrabu iliposimama penye 40 hakuna aliyeuliza kama geji ni nzima. Na akrabu iliyokwama yaweza kuonyesha 40 hata injini inapokufa. Mtu mwadilifu huijaribu geji hata siku ya habari njema: huzima injini, akatazama kama akrabu yashuka mpaka sifuri.

Kishawishi cha pili ni kumhonga mjumbe, na hongo zake ni nyingi. Ya kwanza ni kumwaga oili iliyomo na kutia nyingine nzito zaidi. Oili nzito hupita kwa shida katika nafasi zilizopanuka, na kwa sababu hiyo akrabu hupanda. Lakini nafasi zimebaki vile vile, na asubuhi injini ikiwa baridi oili hiyo huchelewa kuzifikia sehemu za mbali wakati ule ule zinapoihitaji zaidi. Hongo ya pili ni kuihamisha geji kutoka baada ya filta na kuifunga kabla ya filta, ambako presha ni kubwa zaidi. Beringi hazikupata kitu, ila namba imepata. Hongo ya tatu ni kuikaza springi ya vali ya kupunguzia presha. Hii yataka kufikiriwa sana, maana ina siri ya udanganyifu wote. Vali hiyo hufunguka presha inapozidi kiasi, ikairudisha oili ya ziada. Beringi zikiwa zimelika, presha ya injini yenye moto haifiki kiasi hicho, na vali imekwisha jifunga. Kuikaza hakuongezi hata ratili moja. Mahali pekee ambapo kukaza huonekana ni asubuhi, injini ikiwa baridi na oili ikiwa nzito. Wakati huo akrabu hupanda kwa fahari. Maana yake ni kwamba hongo hii haifanyi kazi baharini kabisa. Hufanya kazi gatini tu, mbele ya mnunuzi au mkaguzi. Chombo chasemwa kuwa kizima mahali ambapo hakuna hatari, mbele ya mtu ambaye hatasafiri nacho.

Kishawishi cha tatu ni kumtii mjumbe kupita neno lake. Makanika mwingine akiona 18 hupiga kelele kwamba injini imekufa, ifunguliwe yote, au itupwe, kwa sababu ni kuukuu. Huyu hufikiri kwamba ni mkweli kuliko wenzake, kumbe naye ameongeza neno katika ujumbe. Akrabu haikusema beringi zimekwisha. Ilisema presha imepungua. Na uzee si ugonjwa. Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma na kuitwa Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi wa Julai 1916 katika Ziwa Tanganyika. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikiendeshwa kwa mitambo ile ile ya mvuke, ambayo haikubadilishwa kwa dizeli mpaka miaka ya 1970. Kama hukumu ingalitolewa kwa kuangalia umri na masaibu, chuma kile kingalibaki chini ya ziwa. Kulaani bila ya uchunguzi ni uvivu uliovaa joho la hadhari.

Kishawishi cha nne ni kumzoea mjumbe. Katika hiki hakuna uongo wala kelele. Mtu huona 18 leo, chombo kikafika. Huona 18 kesho, chombo kikafika. Siku ya tatu 18 imekuwa desturi, na desturi haiogopwi. Ubaya wa kishawishi hiki ni kwamba huwapata watu hodari, katika vyombo vipya, wenye vipimo vya kila namna. Tarehe 23 Machi 2019 meli ya abiria iitwayo Viking Sky, iliyoanza kazi mwaka 2017, ilikuwa katika dhoruba penye pwani ya Hustadvika, Norwe, nayo ina watu 1,373. Kati ya mashine zake nne za kuzalisha umeme, moja ilikuwa mbovu. Tangu saa 11 alfajiri mpaka saa 3 asubuhi zile tatu zilizokuwa zikifanya kazi zilitoa ilani 18 za upungufu wa oili katika hifadhi zake. Na kila ilani ilijizima baada ya sekunde chache. Meli ilipolala upande ilani ililia, ilipoinuka ikanyamaza. Mchana, karibu na saa 8, mashine zote zilizima, na meli ikasukumwa na upepo kuelekea miamba. Mamlaka ya uchunguzi wa ajali ya Norwe ilieleza baadaye kwamba hifadhi zilikuwa na oili kati ya asilimia 28 na 40 ya ujazo wake, hali mtengenezaji alishauri kati ya 68 na 75. Nanga na jitihada za mabaharia ziliirudishia meli uhai ikiwa imebakiza umbali mdogo, kama urefu wa meli yenyewe, kugonga mwamba. Watu mamia walichukuliwa kwa helikopta katika upepo ule. Hakufa mtu. Wajumbe kumi na wanane walifika alfajiri, kila mmoja akabisha hodi mara moja akaenda zake.

Kama kukana, kuhonga, kupita kiasi na kuzoea ni makosa, njia ya haki ni ipi? Mafundi wazuri wanayo, ijapokuwa aghalabu hawaiiti falsafa. Huchunguza kwa kufuata daraja: huanza na jambo lisilo na gharama wakaishia na lenye gharama, na huanza na lile linaloweza kurudishwa kama lilivyokuwa kabla ya lile lisiloweza kurudishwa. Huo ndio utaratibu wa hakimu mwema, ambaye hukumu kubwa huiweka mwisho.

Kwanza huitazama oili yenyewe, injini ikiwa imezimwa na chombo kikiwa kimelala sawa. Dipstiki huonyesha kiasi, lakini mwenye busara hatazami kiasi tu. Oili ikiwa imepungua, huuliza imekwenda wapi: imeungua ikatoka kwa moshi wa buluu, au imevuja na sasa yaelea juu ya ngama? Oili ikiwa imeongezeka, shangwe si mahali pake, maana oili haizai. Kilichoongezeka ni kitu kingine. Ikinuka dizeli, basi dizeli imepenya na kuifanya nyepesi. Ikiwa nyeupe kama tui, maji yameingia, na katika injini ya baharini yaweza kuwa maji ya chumvi yaliyopita katika kipoza oili kilichotoboka. Hutazama pia joto la injini, kwa sababu injini isiyopozwa vema huifanya oili nyepesi, na kosa la maji likaonekana kuwa kosa la oili.

Baada ya hapo huleta geji ya pili. Ikikubaliana na ya kwanza, shuku juu ya mjumbe imekwisha, na mtu mwaminifu hairudii tena. Kisha hubadili filta, na ile ya zamani haitupi. Huikata, akazikunjua kurasa zake juu ya kitambaa cheupe, akazisoma. Vumbi jeusi ni masizi ya kawaida. Vipande vidogo vinavyometa kijivu ni madini ya juu ya beringi. Rangi nyekundu ya shaba ni habari nzito zaidi, maana katika beringi nyingi shaba hukaa chini ya madini hayo laini. Ikionekana, tabaka la juu limekwisha. Hakuna barua iliyoandikwa kwa uwazi kuliko filta iliyokatwa, wala barua inayotupwa mara nyingi zaidi kabla ya kusomwa.

Ndipo huifungua vali, akatazama kama kuna takataka iliyoizuia kufunga, au springi iliyochoka. Hutazama njia ya kufyonzea: chujio lililozibwa na matope ya oili chini ya sampu, au bomba lililopasuka likavuta hewa, ambalo huifanya akrabu itetemeke badala ya kutulia. Huipima pampu. Na mwisho kabisa hufungua beringi, akijua kwamba kila kifungo kilichofunguliwa ni mlango wa uchafu. Katika njia hii yote hukumbuka dalili moja kubwa: presha iliyo nzuri injini ikiwa baridi, ikashuka pole pole kadiri joto linavyopanda, na kuwa ndogo zaidi injini inapozunguka taratibu, huelekeza kidole kwenye nafasi zilizopanuka. Lakini kidole si hukumu.

Sasa tumefika mahali pagumu. Nimeita kukaza vali kuwa hongo, na kutia oili nzito kuwa hongo. Je, fundi aliyeipima springi akaiona imechoka, akaikaza mpaka kiasi chake cha asili, naye amehonga? La; ameponya. Mwenye jahazi maskini, aliyeambiwa kwamba beringi zimelika na fedha za kuzibadili hazipo mpaka msimu ujao, akatia oili nzito kiasi ili afike msimu huo, amehonga? Huyu amempa mzee mkongojo, na mkongojo si uongo. Basi tendo moja, mkono ule ule na spana ile ile, laweza kuwa tiba au ushahidi wa uongo. Tofauti haimo katika chuma. Wala haimo katika nia peke yake, maana wadanganyifu wengi wana nia ya kufika salama. Tofauti imo katika mambo mawili: kilichojulikana kabla ya tendo, na aliyeambiwa baada ya tendo.

Anayeinua akrabu kabla ya kujua kwa nini imeshuka amekiharibu kipimo ambacho angalijulia. Amefuta maandishi kabla ya kuyasoma. Na anayeinua akrabu akiijua sababu, kisha akanyamaza mbele ya yule atakayebeba hatari, ameyatumia maisha ya mwingine kama fedha yake. Hayo ndiyo makosa mawili, na yaweza kutendwa kila moja peke yake. Mtu aweza kuwa mjinga mkweli, na aweza kuwa mjuzi mwongo.

Mfano mmoja utalithibitisha jambo hili. Jahazi letu liko karibu na mwamba, upepo unalisukuma, na akrabu imeshuka mpaka 5. Kanuni ya mashine yasema izimwe mara moja, ili injini ipone. Nahodha asema, "Isizimwe." Ataiua injini, naye ajua, makanika ajua, na akiwa na pumzi atawaambia abiria wafunge maboya yao. Je, nahodha huyu ameudharau ushahidi? Hakuudharau hata kidogo. Ameusikia, ameuamini, na ameuza chuma akanunua roho. Mjumbe alitimiza kazi yake, na mfalme alitoa amri yake akijua analolitoa. Kutoutii ushahidi kwa macho yaliyo wazi si sawa na kuufumba mdomo.

Yupo atakayesema kwamba maadili haya ni ya matajiri. Kwamba maskini mwenye jahazi moja hana uwezo wa kuwa mkweli, kwa kuwa ukweli una bei ya beringi mpya na siku nyingi bila ya safari, na huko kisiwani mgonjwa angoja kuvushwa. Pingamizi hili lastahili heshima. Lakini tulitazame vema. Umaskini huizuia tiba, hauzuii habari. Mwenye jahazi asiyeweza kununua beringi aweza kupunguza mwendo na shehena, aweza kuchagua siku ya bahari shwari na kufuata njia iliyo karibu na pwani, aweza kuliweka tanga tayari, na aweza kumwambia abiria kabla hajapanda. Yote hayo hayana bei ya beringi. Bei yake ni abiria atakayesema, "Basi sitapanda." Hapo ndipo tunapogundua kwamba lililofichwa tangu mwanzo halikuwa ubovu wa injini, lilikuwa haki ya mtu mwingine ya kukataa.

Tena lawama yote asitwishwe makanika. Yeye hula mshahara wa mwenye chombo. Akileta habari ya 18 na kujibiwa kwamba fundi mwingine angaliifanya iwe 40, basi siku ya pili itakuwa 40. Mwenye mali ambaye huwaadhibu waletao habari mbaya hununua habari njema kwa bei ghali, na huzipata daima, mpaka siku moja tu. Kwa hiyo wajibu mbele ya ushahidi hauishii kwa mtu mmoja mwenye moyo thabiti. Ni wajibu wa wenye amri kuufanya ukweli uwe rahisi kusemwa na walio chini yao. Ushujaa wa makanika ni sifa. Lakini chombo ambacho hakiwezi kuwa salama bila ya ushujaa wa makanika kila siku kina kasoro juu ya sitaha, si chini yake.

Sisi wa kurasa na vitabu tusidhani kwamba jambo hili ni la wenye mikono myeusi ya oili peke yao. Alama za mtihani ni akrabu. Hesabu za mwaka za shirika ni akrabu. Idadi ya vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ni akrabu. Kila mojawapo ilifungwa mahali pake ili itusimulie jambo lililo ndani tusiloliona. Na kila mojawapo yaweza kuinuliwa bila ya kuliinua jambo hilo: mtihani ukirahisishwa, alama hupanda gatini, injini ikiwa baridi. Mwanafunzi hutunukiwa 40, akatoka nayo kwenda bahari kuu.

Elimu huanza mtu anapoweza kusikia asilolitaka, akaliuliza maswali kwa utaratibu, asilipige nyundo wala asilizoee. Uadilifu huanza pale anapowaambia waliokaa juu ya mizigo yao kile alichokiona peke yake. La kwanza laweza kujifunzwa chuoni. La pili hudaiwa kila safari upya.